Kuishi leo si kula leo: Fasihi yetu ina 'sasa' iliyo pana zaidi

VIJANA wa Nairobi wakikutana huamkuana kwa neno moja tu: "Sasa?" Jibu huwa ni "Poa" au "Fiti", na mazungumzo yanaendelea. Mgeni kutoka Pwani, aliyezoea kuulizwa habari za tangu jana, za kutwa, za nyumbani na za siku nyingi, huenda akaona salamu hii imekatwa mkia. Lakini ndivyo lugha inavyokua. Salamu imegeuka kuwa swali kuhusu wakati tulio nao, basi.

Neno hilo limekuja na falsafa yake. "Ishi leo." "Maisha ni sasa." "Kesho nani anaijua?" Utayakuta maneno ya namna hii mgongoni mwa matatu, kwenye leso, vinywani mwa wahamasishaji wanaozuru shule, na hata katika insha za wanafunzi wetu. Sina ugomvi na wito wenyewe. Mtu anayeamka akiijutia jana na kulala akiiogopa kesho hana hata siku moja iliyo yake.

Ugomvi wangu ni na tafsiri. Tumeipokea "ishi leo" kwa maana ya "kula leo", kisha tukajitetea kwamba hivyo ndivyo wahenga walivyotufunza. Makala haya yanadai kwamba wahenga wanasingiziwa. Fasihi ya Kiswahili ina sasa nyingine, pana kuliko ile ya mlaji, na tunaipoteza kwa sababu ya jinsi tunavyoisoma na kuifundisha fasihi hiyo.

Vitenzi vya kinywa

Tuanze na lugha yenyewe. Kijana wa Kenya anayefurahia siku yake husema "anakula maisha". Mwenzake wa Dar es Salaam "anakula bata". Wapo wanaokula raha na wanaokula ujana. Anayetumia fedha bila kuhesabu "anaponda mali". Takriban misemo yote hii inaifanya siku kuwa tonge. Tonge likishaliwa limekwisha, na nililolila mimi wewe hutalila. Sitiari hii imebeba uchoyo ndani yake hata kabla hatujajua nani anakula nini.

Hata hivyo, Kiswahili kina kitenzi kingine cha siku ambacho tunakitumia kila jioni bila kukisikiliza: kushinda. "Umeshindaje?" Kushinda ni kuwa mahali au katika hali fulani mchana kutwa, na kushinda ni kumbwaga mpinzani. Wanaisimu wataamua kama hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa sadfa au ni neno moja lenye matawi. Mimi natazama tu kwamba anayeulizwa "umeshindaje" haulizwi amekula nini. Anaulizwa amekuwaje tangu jua lilipochomoza, yeye na wale alioshinda nao.

Sasa twende kwa wahenga. Methali inayotajwa sana na waponda raha ni "Ponda mali, kufa kwaja." Isome tena polepole, hasa lile neno la mwisho. Msemaji hakusema kufa kutakuja. Amesema kwaja, yaani kifo kiko njiani, kinatembea wakati huu huu tunaoitumia mali. Njeo ya -a- imekiweka kifo ndani ya leo. Wapo wanaoitamka methali hii kama ruhusa na wapo wanaoitamka kwa kejeli, wakimcheka anayeishi hivyo. Vyovyote vile, ukiisikiliza vizuri huwezi kuimba nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Ya pili ni "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Msemo huu hutumika wapi? Husikika asubuhi ya fainali, siku ya kura, siku ya harusi, au mdai anapofika mlangoni kwa mdeni wake. Leo ya methali hii ni siku ya kutimiza. Anayeitwa mwongo ni yule anayeahirisha wajibu, na wala methali haimgusi anayeahirisha starehe. Ukiongeza "Usipoziba ufa utajenga ukuta" na "Linalowezekana leo lisingoje kesho", picha inajikamilisha. Leo inathaminiwa kwa sababu kuna jambo ambalo lisipofanywa leo litamgharimu mtu baadaye.

Mlaji aitwaye Sasa

Mwandishi mmoja wa kisasa ameiona hatari ya sasa ya mlaji na kuipa jina la mtu. Katika hadithi fupi "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad, iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, mhusika mmoja anaitwa Sasa. Yeye na mwenziwe Mbura wanakwenda kwenye sherehe ya Mzee Mambo na kula. Wanakula tena. Magari ya serikali yanatumikia sherehe ya mtu binafsi, na televisheni inaitangaza moja kwa moja kana kwamba ni sikukuu ya taifa.

Maelfu ya wanafunzi wa Kenya wameisoma hadithi hii, kwa kuwa kitabu hicho kilitahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa. Waliulizwa kuhusu ufisadi, kuhusu kinaya, kuhusu sifa za Mzee Mambo. Nadhani ni wachache waliowahi kuulizwa kuhusu jina la Sasa. Ilhali jina hilo ndilo ufunguo. Sasa haibi kwa sababu ana mpango wa muda mrefu wa kuibomoa nchi. Anakula kwa kuwa chakula kipo na yeye yupo. Kwake wakati una chumba kimoja, na chumba hicho ni meza. Anayetafuta mtu "anayeishi leo" kwa maana ya mgongoni mwa matatu, huyu hapa. Ameifuata kaulimbiu hiyo mpaka mwisho wake.

Ustadi wa hadithi uko katika kichwa chake. Shibe, tunayoitaja kama heri, ndiyo inayommaliza anayeshiba. Kitenzi kula kinamgeukia mlaji. Kasoro ya hadithi, kama naruhusiwa kuitaja, ni kwamba inatuonyesha sasa moja tu. Walaji wapo na shibe ipo, lakini mtu anayeishi leo kwa namna nyingine hapewi nafasi kubwa. Msomaji anaweza kufunga kitabu akidhani dawa ya Sasa ni kuichukia leo na kuahirisha kila furaha. Hiyo ni tiba mbovu, na nitairudia hapo chini.

Mbiti na chumba cha wafu

Mkenya mmoja alilichukua neno hilo hilo na kulipa upana wa ajabu. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alichapisha kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alidai kwamba wakati wa Mwafrika una pande mbili, na akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Wakati ujao wa mbali, alisema, karibu haupo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa nyakati za vitenzi katika Kikamba na Gikuyu.

Dai la Mbiti kuhusu wakati ujao limepingwa sana, na haki limepingwa. Kwame Gyekye wa Ghana alilijibu mwaka 1987 kwa ushahidi wa lugha ya Waakan. Sisi tungeweza kulijibu kwa Kiswahili, lugha iliyompa Mbiti majina yake mawili. Hatuishii kwenye kesho. Tuna kesho kutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Watu wasioifikiria siku ya mbele hawahitaji neno la siku ya nne. Tuna akiba isiyooza na haba na haba ya kibaba. Isitoshe, neno zamani lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, kwa hiyo ni vigumu kulisimamisha kama shahidi wa fikra ya Kiafrika isiyochanganyika na lolote.

Lakini wakosoaji wa Mbiti, katika kumkosoa juu ya kesho, wameacha jambo zuri alilolisema kuhusu Sasa. Kwa Mbiti, Sasa si nukta wala kufumba na kufumbua jicho. Ni eneo. Ndani yake mna yaliyotokea punde na yaliyo karibu kutokea. Zaidi ya hayo, mna wafu. Aliyefariki huendelea kuwa ndani ya Sasa maadamu yuko hai mtu aliyemfahamu na anayemkumbuka kwa jina. Anapokufa wa mwisho anayemkumbuka, ndipo marehemu anapozama katika Zamani.

Weka Sasa huyu wa Mbiti kando ya Sasa wa "Shibe Inatumaliza". Neno ni lile lile. Mmoja ni tumbo, mwingine ni nyumba yenye watu wengi, waliopo na waliotangulia. Swali ni je, iko wapi kazi ya fasihi ya Kiswahili inayoishi katika nyumba hiyo?

Wino, karatasi na mwaka uliopotea

Jibu langu ni Utendi wa Mwana Kupona. Najua, msomaji mpendwa, umeshaanza kupiga miayo. Utenzi huu umefundishwa mpaka ukachujuka: mama amuusia binti amtii mumewe. Wengine wanausifu kwa hilo na wengine wanaulaani kwa hilo hilo. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jina walilolipa toleo lao liliutaja kuwa ushauri kuhusu wajibu wa mke. Tangu hapo tumeusoma kupitia jina ambalo mtunzi hakulichagua. Ann Biersteker alijaribu kuufungua mlango huo mwaka 1991 kwa kutaka tuusome upya kwa jicho la lugha na mamlaka. Mimi naomba tuusome kwa jicho la wakati.

Tazama unavyoanza. Mwaka unaotajwa kuwa wa kutungwa kwake ni 1858. Mwana Kupona binti Mshamu ni mjane, na marehemu mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Yeye mwenyewe ni mgonjwa. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, asogee karibu na alete wino na karatasi, kwani ana jambo la kumwambia. Kisha anataja sababu ya kutolisema jambo hilo mapema: maradhi yamemshika mwaka mzima, hata hakupata kumwambia mwanawe neno jema.

Mimi hurudia mahali hapo kila nikiusoma utenzi huu. Mwaka mzima mama na binti wameishi pamoja, na neno lililohitajika halikusemwa. Mama hamlaumu mtu. Anautaja tu mwaka huo uliompita, kisha anafanya kitu ambacho sote tunakijua na ambacho wengi wetu hatukifanyi. Anasema leo. Mwana Kupona alifariki mnamo 1860, takriban miaka miwili baadaye. Lau angesubiri apone, huenda tusingekuwa na utenzi wala Mwana Hashima asingekuwa na wosia.

Sasa angalia anavyoitumia siku hiyo. Anamuahidi binti hirizi ya kufunga kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani. Hivi ni vitu vya kuvaliwa kesho na keshokutwa, na vyote vinatengenezwa kwa maneno ya leo. Anamfundisha adabu na namna ya kuishi na watu. Anaikumbuka ndoa yake na baba wa binti huyo, ilivyoanza kwa furaha na mume alivyofariki akiwa radhi naye. Kwa kumtaja, anamrudisha marehemu chumbani, na hapa Mbiti angetabasamu. Kisha sehemu kubwa ya mwisho ya utenzi inageuka kuwa dua: kwa watoto wake, kwa jamaa zake, kwa ajili ya maradhi yake na kwa ajili ya siku atakayosimama mbele ya Mola wake.

Kwa hiyo ndani ya kikao kimoja mna jana ya ndoa, leo ya ugonjwa, kesho ya binti na akhera ya wote. Hakuna aliyefukuzwa ili leo ipate nafasi. Tukisema kuhusu "kuishi kikamilifu", sijui mfano ulio kamili zaidi ya huu. Mwana Kupona hakuwa na raha ya kuponda. Alikuwa na mwili unaouma, karatasi, na mtoto aliyekuwa tayari kuandika.

Linganisha na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi mwingine mkuu wa visiwa vya Lamu. Naye anakitazama kifo. Anausimamisha moyo wake mbele ya magofu ya Pate, auone utajiri uliokuwapo: taa zilizoufanya usiku uwe kama mchana, na vyombo vya thamani katika madaka ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Ni kazi kubwa, na kwa uzuri wa picha huenda ikamshinda Mwana Kupona. Lakini mwelekeo wake ni kuugeuza moyo uiache dunia. Watunzi hawa wawili wanakijua kifo sawasawa. Mmoja anakitumia kuihama leo, mwingine anakitumia kumsogeza mtoto karibu. Wanafunzi wetu wangepewa nafasi ya kuzisoma kazi hizi bega kwa bega, wangekuwa na jambo la kujadili kuliko kuhesabu mizani na vina.

Sukuma wiki na chama

Hapa kuna pingamizi la haki. Msomaji anaweza kuniambia: "Profesa, hayo ya upana wa sasa ni ya wenye nafasi. Mtu wa mjengo anayelipwa jioni hana kesho ya kuifikiria. Ananunua mafuta ya kupimiwa na unga wa kadogo kwa sababu pesa ni ya leo." Ni kweli. Wapo wanaoishi leo kwa kuwa hawakupewa siku nyingine, na ni dhuluma kumhubiria mtu huyo kuhusu akiba.

Lakini hebu tumsikilize mtu huyo huyo anavyozungumza. Mboga anayoinunua ameipa jina gani? Sukuma wiki. Jina hilo halisemi kula leo. Linasema kuifikisha wiki mwisho wake. Na mama mboga anayemuuzia, ambaye faida yake ya siku ni sarafu chache, mara nyingi yumo katika chama. Jioni anatoa mchango wake ili mwenzake aliyefikiwa na zamu apate karo ya mtoto au mabati ya nyumba, akijua zamu yake itafika. Leo yake imebeba kesho ya mwingine. Mwenye chini ya wote anaishi katika sasa pana, na Sasa wa hadithi, mwenye kila kitu, anaishi katika sahani. Kwa hiyo pingamizi hilo, nikilitazama kwa makini, linaniunga mkono.

Kesho inayokula leo

Nilisema nitairudia ile tiba mbovu. Kinyume cha mlaji ni mwahirishaji, na shule zetu zinamzalisha kwa wingi. Tunamwambia mtoto wa Kidato cha Pili asisome riwaya isiyotahiniwa kwani itampotezea muda. Akifika Kidato cha Nne tunamwambia aachane na kitabu chenyewe, asome mwongozo. Furaha ya kusoma ataipata chuoni. Akifika chuoni, ataipata akishaajiriwa. Akishaajiriwa hasomi tena.

Hivyo mtoto anakutana na Mwana Kupona, mama aliyekataa kuliacha neno jema lingoje siku nyingine, katika darasa ambalo kila neno jema linangoja siku nyingine. Anakariri kwamba utenzi una mizani minane kwa kila kipande, anapata alama zake, na haulizwi hata mara moja: wewe una neno gani ambalo hujamwambia mamako?

Sitaki kuwa mkali kwa walimu kupita kiasi. Mtihani upo, na mzazi anataka alama. Lakini kipindi kimoja kwa muhula hakitaangusha shule. Mwalimu achukue beti chache za mwanzo wa Utendi wa Mwana Kupona na ukurasa mmoja wa "Shibe Inatumaliza", azisome kwa sauti, kisha awaulize wanafunzi ni yupi kati ya hao wawili anayeishi leo, na kwa nini. Asiwape jibu. Asiwaambie liandikwe kwa hoja sita. Awaache wabishane mpaka kengele ilie.

Nasi watu wazima tunaosoma gazeti hili, tusiiache "ishi leo" mikononi mwa walaji peke yao. Karatasi ipo, na wino upo, au simu kama hapana budi. Mwana Kupona alipoteza mwaka mmoja kisha akaanza. Wengi wetu tumepoteza zaidi ya huo.